Brashi Iliyopachikwa Begani

Katika ngome ya Ambras, inayouangalia kutoka mlimani mji wa Innsbruck nchini Austria, imehifadhiwa picha ya rangi ya karne ya 16 ambayo haimtoki mtu moyoni akisha kuitazama mara moja. Ndani yake amelala kifudifudi mwanamume mmoja, kichwa amekiinua na macho ameyaelekeza kwa mtazamaji. Shingoni amevaa ukosi mweupe wa marinda, kama walivyovaa waungwana wa zama zile, na kichwani kofia nyekundu, lakini kuanzia kwenye ukosi kushuka chini hana nguo hata uzi mmoja, na mikono yake na miguu yake, iliyosinyaa na kupinda, imeachwa wazi. Picha ilipokuwa mpya mwili ule ulifunikwa kwa karatasi nyekundu, kusudi mgeni aanze kwa kuuona uso wa mtu mwenye hadhi yake, kisha aifunue karatasi kwa mkono wake mwenyewe, ashtuke, acheke au aone huruma kwa kadiri ya tabia yake. Mwenye ngome, Ferdinand wa Pili, mtawala wa Tirol aliyefariki mwaka 1595, alikuwa na vyumba vizima vya silaha, marijani zilizochongwa na vitu vingine vya ajabu, na mtu huyu, ambaye alikuwa hai na mwenye akili zake kama sisi, alitiwa katika hesabu ya vitu hivyo.

Naianza habari hii kwa karatasi ile kwa sababu, katika kila taswira ya mtu mwenye kilema iliyochorwa tangu hapo hata leo, lipo jambo la namna hiyo, liwe dhahiri au la siri: yupo anayeamua mwili uonekane kiasi gani, na yupo anayeonekana. Siku hizi husemwa sana juu ya fahari ya ulemavu, na wachoraji wa nchi nyingi wameingia katika kuitangaza kwa rangi na turubai. Ni jambo jema, lakini mtu asiyeijua tarehe yake hudhani kwamba fahari hiyo imezaliwa juzi pamoja na sheria na maandamano, ilhali mizizi yake imo katika vibanda vya maonyesho na vyumba vya wafalme, mahali ambapo hakuna aliyekusudia kuipanda.

Tuanze na wafalme. Kasri ya Madrid katika karne ya 16 na ya 17 ilikuwa na desturi ya kuwaweka wafupi wa maumbile, wapungufu wa akili na wachekeshaji, ambao majina yao yaliandikwa katika daftari za kasri pamoja na watumishi wengine, wakapewa posho ya chakula na mavazi, na kazi yao ikawa kuwapumbaza wakubwa na kucheza na watoto wao. Wachoraji waliwatia katika picha za mabwana zao kwa hesabu iliyo wazi, kwani mrefu huonekana mrefu zaidi akisimamishwa kando ya mfupi. Ipo picha ya Rodrigo de Villandrando, ya karibu mwaka 1620, inayomwonyesha mwana wa mfalme, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Felipe wa Nne, amesimama na mavazi ya fahari, na mkono wake mmoja ameuweka juu ya kichwa cha mtumishi wake Soplillo, kama mtu awekavyo mkono juu ya kiti kilicho karibu naye. Sijui kama Villandrando aliona ubaya wowote katika kuuchora mkono ule mahali pale, nadhani hakuona.

Diego Velázquez, mzaliwa wa Sevilla, aliingia katika utumishi wa mfalme huyohuyo mwaka 1623, akadumu humo mpaka alipofariki mwaka 1660, naye alifanya jambo ambalo wenziwe hawakulifanya kwa namna ile: aliwatoa watu hawa kando ya mabwana zao, akawachora peke yao, kila mmoja katika turubai yake. Mashuhuri kupita zote ni ile ya mwaka 1644 au karibu yake, ambapo mtu mfupi mwenye ndevu nyeusi ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha mbele hata nyayo za viatu vyake zinatukabili, mikono ameikunja ngumi na kuiweka kiunoni, na macho yake meusi yanamtazama mtu bila ya kupepesa, wala hayaombi kitu. Hakuna mnyama kando yake, hakuna kichekesho, hakuna mwana wa mfalme. Katika turubai nyingine mwenzake amepewa kitabu kikubwa mapajani, anakifungua kwa vidole vyake vidogo kama karani aliyekatizwa kazi. Na katika picha kubwa ya mwaka 1656, ile ya binti wa mfalme na wajakazi wake, Maribárbola amesimama upande wa kulia, mfupi, mwenye uso mpana na mavazi mazito, akimkabili mtazamaji kwa utulivu, huku Nicolasito Pertusato, aliye kando yake, akimsukuma mbwa kwa mguu.

Wako waandishi wanaosema kwamba hapa ndipo fahari ilipoanza, kwamba Velázquez aliwapa watu hawa utukufu waliokuwa wamenyimwa. Mimi siafikiani nao moja kwa moja. Staha aliwapa, na hilo halikanushiki. Lakini staha ni kitu ambacho mchoraji aweza kumpa anayechorwa, ilhali fahari haitoki nje ya mtu, na hatuna hata neno moja lililosalia kutoka vinywani mwa watu hao kutueleza kama walipenda kuketishwa sakafuni au la. Tena angalia jambo hili: yule mwenye ndevu nyeusi alijulikana kwa muda mrefu kwa jina la Sebastián de Morra, na mwenye kitabu akaitwa Diego de Acedo, aliyepewa lakabu ya El Primo, lakini sasa wataalamu wa makumbusho ya Prado wamezipitia upya hati za zamani, wakaona kuwa aliye na ndevu nyeusi ndiye El Primo, na mwenye kitabu wakamwacha bila ya jina. Hakuna aliyepata kuyachanganya majina ya wafalme katika picha zilizotundikwa ukuta uleule.

Msomaji wa pwani huenda akauliza, na sisi je, tulikuwa wapi? Pwani yetu haikuwa na desturi ya kuchora nyuso. Ufundi wetu ulikwenda katika nakshi za milango, katika hati na katika utenzi, na ndiyo maana habari hii yote imenipeleka Ulaya na Marekani. Lakini fikira tulikuwa nazo. Wazee wetu waliposema kwamba hujafa hujaumbika, waliwakataza watoto wasimcheke kiwete wala kipofu, na katazo hilo limewalinda wengi. Ila ukilichunguza utaona limejengwa juu ya hofu, yaani usicheke kwa kuwa nawe yaweza kukupata, na halisemi kwamba mwenye kilema anacho chake cha kujivunia. Aliyekwenda mbali zaidi alikuwa Al-Jahiz, mwanachuoni wa Basra aliyeishi katika karne ya 9, ambaye alitunga kitabu kizima juu ya wenye mbalanga, viwete, vipofu na wenye makengeza, akakusanya humo habari za watukufu waliokuwa miongoni mwao, ili msomaji atambue kwamba kasoro ya kiungo haimpunguzii mtu cheo chake. Naamini kitabu hicho kingestahili kusomwa zaidi ya kinavyosomwa.

Turudi kwenye picha. Mtu wa kwanza ninayemjua aliyeishika kazi hii kwa nafsi yake, akajichora mwenyewe na kilema chake kwa majivuno yasiyofichika, ni Mjerumani aliyeitwa Matthias Buchinger, aliyezaliwa mwaka 1674 karibu na Ansbach bila ya viganja wala miguu, na kimo chake kikaishia kiasi cha inchi 29. Alizunguka nchi za Ulaya akijionyesha kwa malipo, akapiga ala za muziki, akacheza karata na viini macho, akaoa mara nne na kupata watoto wengi, na juu ya hayo yote alikuwa mwandishi wa hati ndogo asiye na mfano. Mwaka 1724 alijichora taswira ambayo kwa mbali ni picha ya bwana aliyevaa nywele za bandia zenye mawimbi kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Lakini aliyeikaribia na kioo cha kukuzia huona kwamba mawimbi yale si mistari ya kawaida, ni maandishi matupu, zaburi saba na Sala ya Bwana zilizoandikwa kwa herufi ndogo kuliko mbegu za ufuta. Mtu asiye na vidole aliamua kwamba atakayemtazama sharti asogee karibu, asome.

Lakini aliyenivuta kuandika makala haya ni mwanamke, na jina lake Sarah Biffin. Alizaliwa mwaka 1784 katika kijiji cha East Quantoxhead, wilaya ya Somerset nchini Uingereza, na kitabu cha ubatizo cha kanisa la kijiji kiliandika kwamba amezaliwa bila ya mikono na miguu. Kwa kweli miguu ilikuwapo ila haikukua, na kimo chake alipokuwa mtu mzima kilikuwa inchi 37. Alijifundisha mwenyewe, kwa kinywa, kushona kwa sindano, kukata kwa mkasi, kuandika, na mwishowe kuchora. Alipofikia umri wa miaka kama 20 alifungishwa mkataba na mtu aitwaye Dukes, mwenye kibanda cha maonyesho kilichozunguka katika magulio ya Uingereza, na humo akaketishwa jukwaani siku baada ya siku, watu wakilipa kiingilio ili wamwone akitunga uzi katika tundu la sindano kwa ulimi na meno. Taswira zake ndogo ziliuzwa kwa gini 3 moja. Yeye mwenyewe, habari zinasema, alilipwa pauni 5 kwa mwaka. Nadhani hesabu hiyo haihitaji maelezo yangu.

Inafaa tusimame kidogo tuione kazi yenyewe, maana wengi waliosikia habari za Sarah Biffin husifu ajabu ya kinywa chake bila ya kujua ugumu wa ufundi aliouchagua. Taswira ndogo ya zama zile, iliyovaliwa kifuani au kuwekwa mfukoni kama ukumbusho wa mpenzi aliye safarini, ilichorwa juu ya bapa la pembe ya ndovu lililokatwa jembamba hata mwanga ukapenya. Kabla ya kutiwa rangi bapa lilisuguliwa kwa unga wa jiwe laini ili kuondoa mafuta ya asili na mng'aro, kwani rangi ya maji haishiki penye mafuta, huteleza na kukusanyika matone. Rangi ilichanganywa na gundi ya mgunga, ikawekwa kwa ncha ya brashi nyembamba, nukta moja kando ya nukta nyingine na mstari mdogo kando ya mstari mwingine. Mchoraji akilowesha mno, rangi ya chini inafumuka, na kazi ya siku nzima imekwenda. Weupe wa pembe uliachwa uonekane kupitia rangi, na ndio ulioifanya ngozi ya mtu katika picha ionekane kama iliyo hai. Hayo ni magumu kwa mwenye viganja viwili na kiegemeo cha mkono. Sarah Biffin aliyafanya kwa brashi ndefu iliyofungwa kwenye bega la gauni lake, mpini ukishikwa kwa meno, na shingo na bega ndivyo vilivyofanya kazi ya kifundo cha mkono.

Nami siwezi kuipita pembe ile bila ya kuigusa, kwani katika miaka hiyohiyo ambayo wachoraji wa London walikuwa katika kilele cha biashara yao, misafara ilikuwa ikiteremsha pembe za bara mpaka pwani yetu, zikavushwa Unguja, na kutoka Unguja zikapakiwa majahazi ya kwenda Bombay, ambako sehemu yake iliendelea mpaka Uingereza. Wazungu waliipenda pembe ya mashariki ya Afrika kwa ulaini wake, kwani hukatika vizuri na haipasuki upesi. Waliozibeba pembe hizo mabegani hawakupata kuchorwa na mtu.

Mwaka 1808, kwenye gulio la Bartholomew mjini London, Earl wa Morton alimwona Sarah Biffin akichora, naye hakuamini. Husimuliwa kwamba aliketi mwenyewe ili achorwe, na kila alipoinuka aliichukua ile picha isiyokwisha akaondoka nayo, ili asije mtu mwingine akaimaliza kwa siri usiku. Hata ilipotimia, shaka yake ikamwisha, akawa mfadhili wake, na ndiye aliyemgharimia mafunzo kwa William Craig, mchoraji wa taswira ndogo aliyejulikana wakati huo. Kisa hiki husimuliwa kama habari ya hisani, na hisani ilikuwamo. Lakini fikiri jinsi inavyokuwa kwa fundi kuondolewa kazi yake mezani kila jioni kwa kushukiwa kuwa ni mwongo, na kesho yake akaendelea pale alipoachia bila ya kunung'unika. Mwaka 1821 Chama cha Sanaa cha London kilimpa nishani ya fedha kwa ubora wa kazi yake. Alifungua chumba chake cha kuchorea katika barabara ya Strand, jamaa za ufalme wakamwagiza taswira, na vijana wakaja kujifunza kwake.

Sasa tuitazame taswira aliyojichora mwenyewe, kwa kuwa alijichora zaidi ya mara moja, na hapo ndipo penye maksudi ya habari yangu. Mchoraji wa kibanda angemwonyesha akiwa juu ya jukwaa, sindano mdomoni, watu wamemzunguka. Sarah Biffin hakujichora hivyo. Alijichora bibi aliyevaa vizuri kama mabibi wa daraja lake, uso umetulia, na mikono ya gauni, isiyo na kitu ndani, imepigwa pini mahali pake kwa unadhifu. Na begani, penye kuonekana na kila mtu, imepachikwa brashi. Hakuificha hali yake chini ya shali, jambo ambalo lilikuwa jepesi kwake, wala hakuitandaza mbele ya macho kama ilivyotandazwa kule Ambras. Aliweka chombo cha kazi mahali ambapo mtazamaji angetafuta mkono, na mtazamaji akisha kukiona hana haja ya kuuliza. Fauka ya hayo, katika baadhi ya kazi zake aliandika chini ya jina lake kwamba picha imechorwa bila ya mikono. Wapo wanaosema kuwa alifanya hivyo kwa ajili ya soko tu, kwani maneno hayo yaliongeza bei. Huenda ni kweli. Alikuwa mtu wa biashara, na alikuwa amejifunza biashara katika shule kali ya kibanda. Ila fundi seremala naye huchonga jina lake juu ya sanduku, na hakuna amwambiaye kwamba hana fahari kwa sababu sanduku linauzwa.

Mwaka 1824 aliolewa na mtu aitwaye William Wright, ndoa haikudumu, na kwa muda alitia sahihi kwa jina la mumewe, jambo lililowafanya watu wa baadaye waipoteze sehemu ya kazi zake. Kisha ikaja balaa isiyokuwa yake peke yake: mwaka 1839 Mfaransa Daguerre alitangaza picha yake ya bamba la fedha, na katika miaka michache watu waliokuwa wakingoja siku nyingi kuchorwa juu ya pembe wakaanza kupata sura zao kwa dakika chache na kwa bei ndogo. Wachoraji wengi wa taswira ndogo walifilisika, wengine wakageuka wapaka rangi wa picha za kamera. Sarah Biffin alihamia Liverpool katika miaka hiyo, mapato yakapungua, na Richard Rathbone, mtu wa ukoo mashuhuri wa wafanyabiashara wa mji ule, akaongoza mchango wa kumsaidia. Alifariki huko tarehe 2 Oktoba 1850.

Aliyelihifadhi jina lake baada ya hapo, na kuliharibu pia, ni Charles Dickens, aliyelitaja katika riwaya zake zaidi ya moja, kila mara kwa mzaha, kama mtu atajavyo ajabu ya gulio. Mamilioni walioisoma riwaya ya Nicholas Nickleby walilijua jina la Miss Biffin bila ya kupata kuona hata picha yake moja. Huo ulikuwa ushindi wa kibanda cha Dukes juu ya chumba cha Strand, na ulidumu zaidi ya miaka mia.

Karne iliyofuata haikuwa na heri nyingi katika jambo hili, nami nitaipita upesi. Kamera iliingia katika hospitali, na vitabu vya uganga vikajaa picha za wagonjwa wakiwa uchi mbele ya ukuta mtupu, na juu ya macho yao umewekwa ukanda mweusi ili wasitambulikane. Walidhani wanawahifadhia siri zao. Yule wa Ambras walau aliachiwa macho yake, akaweza kumtazama anayemtazama. Katika rangi alikuwapo Frida Kahlo wa Meksiko, ambaye mwaka 1951 alijichora ameketi katika kiti cha magurudumu, mbele ya picha ya mganga wake Juan Farill aliyempasua mara nyingi katika mwaka uliotangulia, na mahali pa kibao cha rangi amepakata moyo wake mwenyewe; lakini Kahlo ameandikwa sana, na sina la kuongeza.

Neno fahari lenyewe liliingia kwa mlango wa siasa. Tarehe 26 Julai 1990 sheria ya haki za wenye ulemavu ilitiwa sahihi nchini Marekani, baada ya miaka mingi ya watu kuyazuia mabasi yasiyopandika na kuzikwea ngazi za bunge kwa viwiko na magoti. Na mwezi Julai mwaka 2004 wenye ulemavu wa mji wa Chicago waliandamana barabarani, wakiwa juu ya viti vyao, na magongo yao na mbwa waongozao vipofu, katika gwaride walilolipa jina la fahari, na tangu hapo miji mingine ikafuata, na mwezi Julai ukatambulikana kuwa mwezi wa sherehe hiyo.

Mji huo ndimo alimofanyia kazi Riva Lehrer, aliyezaliwa Cincinnati mwaka 1958 akiwa na hali ambayo kwetu huitwa mgongo wazi, akapitia visu vingi vya waganga tangu utotoni. Mwaka 1997, yaani kabla ya gwaride, alianza mfululizo wa taswira za watu wenye ulemavu waliokuwa waandishi, wacheza michezo ya kuigiza, wanazuoni na wapiganiaji wa haki, na utaratibu wake ulikuwa hivi: kabla ya kugusa kalamu aliketi na mtu huyo akamhoji kwa muda mrefu juu ya maisha yake na kazi zake, wakashauriana ni vitu gani vitiwe katika picha na mwili uonyeshwe vipi, na kama mwenyewe hakuridhika, jambo hilo halikufanyika. Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2020, jinsi alivyokulia katika kutazamwa na wageni njiani, na kwa hiyo alijua uzito wa kumwomba mtu mwingine wa hali kama yake akubali kutazamwa kwa masaa.

Upande wa London, mwezi Septemba 2005, kiliwekwa katika uwanja wa Trafalgar, hatua chache kutoka mwisho wa barabara ya Strand, kinyago cha marumaru nyeupe chenye urefu wa zaidi ya mita 3, kikimwonyesha Alison Lapper, msanii aliyezaliwa bila ya mikono, akiwa na mimba. Mchongaji alikuwa Marc Quinn, naye si mlemavu. Mabishano yalikuwa makubwa, na wengine walisema kwamba uwanja wa mashujaa si mahali pa mwili kama ule, hali juu ya nguzo iliyo katikati ya uwanja huohuo amesimama Nelson, jemadari wa bahari wa Uingereza, ambaye mkono wake wa kulia ulikatwa mwaka 1797 na jicho lake moja lilikuwa limekwisha kupoteza nuru kabla ya hapo. Hao hawakumwona Nelson kuwa kilema, maana alikuwa juu mno. Kinyago kiliondolewa mwaka 2007, kama ilivyopangwa tangu mwanzo, lakini kwa rai yangu kazi za Lapper mwenyewe, alizojipiga picha kwa kivuli na nuru mfano wa masanamu ya Kiyunani yaliyovunjika mikono, zina nguvu zaidi ya marumaru ile, na sababu nimekwisha kuitaja nilipomzungumza Velázquez: fahari haitoki nje ya mtu. Na Sarah Biffin naye akakumbukwa: mwaka 2019 taswira moja aliyojichora iliuzwa mnadani London kwa pauni 137,500, na mwaka 2022 nyumba ya sanaa ya Philip Mould mjini humo ilifanya maonyesho ya kazi zake, na mmojawapo wa washauri alikuwa Alison Lapper.

Lehrer naye hakuishia pale alipoanza. Katika mfululizo wake wa baadaye aliweka sharti jipya: katika kila kikao cha kuchora yeye huondoka nyumbani kwake kwa muda wa saa nzima, akamwachia anayechorwa nyumba, vitu vyake na picha ambayo haijakwisha, na mtu huyo ana ruhusa ya kuifanya picha hiyo atakavyo, aongeze, afute, aandike juu yake. Wachoraji wengi niliowapa habari hii walitikisa vichwa. Kuiacha kazi ya wiki kadhaa mikononi mwa mtu asiyejua kushika kalamu ni hatari iliyo wazi, na Lehrer aliujua uzito wake hata akaliingiza neno hatari katika jina la mfululizo wenyewe. Lakini hatari ya namna hiyo, tangu zamani za Villandrando, ilikuwa ya upande mmoja tu: aliyechorwa ndiye aliyejitia mikononi mwa mwenziwe, asijue atatoka vipi. Saa moja ile imeigawa kati yao wawili, na mchoraji akirudi huendelea kutoka pale alipoachia mwenziwe.